Dawa ya Nywele Hupakwa

Kasingirima, Ujiji
14 Aprili 1998

Haruna, mtoto wa mjomba,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, na wewe kama umekonda tutajua kwamba hao wazungu wako wanakula peke yao. Mama anakusalimu sana. Kila akipika migebuka husema Haruna angekuwepo angekula kichwa, kisha kichwa anapewa paka, na mimi mwanawe wa kumzaa nimekaa pale pale nikitazama. Tangu wazazi wako walipofariki akakuchukua kuja kulelewa hapa, nafasi yangu katika nyumba hii naijua. Mzee Mwinshehe naye anakusalimu. Macho yamepungua lakini bado anatahiri watoto, na bado anasimulia barazani jinsi ulivyolia siku aliyotukata pamoja.

Hasna hajambo, ila mimba ya pili nayo haikukaa. Ilitoka mwezi wa Shaabani. Hakulia mbele yangu. Alifua kanga zake akaanika, akaja kibandani kunitilia vifungo kwenye sare za shule. Mama ameanza kusema maneno ya pembeni kuhusu nyumba zisizo na mtoto. Hasna anamtaka mtoto kuliko kitu chochote duniani, nami namtaka zaidi kwa ajili yake.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu, na usinicheke. Kichwa changu unakijua. Ulipoondoka nywele zilikuwa zimeanza kurudi nyuma, sasa zimehama kabisa, zimebaki za masikioni. Juzi alikuja mama mmoja wa Kikongo, mkimbizi, ana kitenge chake anataka gauni. Hasna akampima. Yule mama akanigeukia akasema, "Shikamoo mzee, binti yako ana mkono mwepesi." Hasna alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, nikaitikia marahaba, ningefanya nini? Lakini fundi cherehani anashinda mbele ya kioo cha wateja, Haruna. Nina miaka thelathini na miwili na nimekuwa baba wa mke wangu.

Wewe unakaa na Daktari. Nimesikia wenzetu wana dawa ya mambo haya. Niulizie.

Ni mimi ndugu yako,
Gharib


Kambini, Kibondo
2 Juni 1998

Kwa Mzee Gharib,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, kwa heshima ya umri wako. Mpe shangazi salaam zangu, mwambie kichwa cha mgebuka anihifadhie. Shemeji Hasna mpe pole. Sijui kuandika maneno ya pole vizuri, lakini nimeyasikia yaliyompata na yameniuma.

Huku mvua imekwisha, matope yamebaki. Watu wanaingia bado kutoka Burundi, wengine wana sufuria, wengine hata hiyo hawana. Jirani na nyumba yetu kuna njia ya makaburini, na hupita watu humo kila siku. Mimi kazi yangu ni ile ile, kutunza nyumba ya Daktari na mkewe. Ninaye mwenzangu, Gervasi, mkimbizi wa Ruyigi, anayefagia na kuchota maji. Kwao alikuwa mwalimu. Ananisalimu amahoro kila asubuhi, ananifundisha Kifaransa cha kuombea chumvi.

Kuhusu kichwa chako, una bahati, maana Daktari naye anapukutika. Ana vidonge ambavyo hasa ni vya wazee wasiokojoa vizuri, lakini yeye hukata kidonge kimoja mara nne kwa wembe, juu ya kisahani, akameza robo kila siku. Nimeona kwa macho yangu nywele zikirudi utosini. Nimekupatia kichupa kizima, Feliksi dereva wa lori la maharage atakufikishia. Nimekipataje usiulize, na jina langu usilitaje kwa mtu. Meza robo kila siku. Usitegemee kitu mwezi wa kwanza wala wa pili, hii ni dawa ya wenye subira.

Sharti jingine ambalo Daktari analishika sana: wakati wa kumeza unasimama kwa mguu mmoja, uso umeelekea Kongo.

Haruna


Kasingirima, Ujiji
20 Septemba 1998

Haruna, mwana kulaaniwa,

Assalaam alaykum. Nimesimama kwa mguu mmoja mwezi mzima. Hasna alivumilia akidhani ni dua, mpaka siku moja akauliza na Kongo imeingiaje katika nywele. Nilipomwonyesha barua yako alisema wewe na mimi hatutakua. Mama alicheka akasahau hata ugonjwa wa miguu. Nitakulipa tu, binamu ni binamu.

Habari za mjini ni za wageni. Wakongo wengine wameshuka tena Kibirizi na mitumbwi, wanatafuta ndugu zao sokoni Mwanga kwa kuita majina. Kazi ninayo, maana wakimbizi wanauza vitenge vyao na wenyeji wanavishonesha.

Dawa inafanya kazi. Mwanzoni nilidhani ni vumbi. Nikamwita Hasna, akapitisha kidole akasema ni nywele, laini kama za kitoto. Mwinshehe amenigusa utosi barazani akasema mashaallah. Sasa wateja wananiita kaka. Haruna, nikikaa mbele ya kile kioo roho yangu inafurahi, na siwezi kukuficha.

Lakini nikuulize jambo moja, na unijibu kama mtu mzima. Hiyo dawa ina ubaridi? Nyumbani kumepoa. Ni mimi niliyepoa, si yeye. Hasna ananigeuzia mgongo taratibu ili nisione haya, na hilo ndilo linaloniumiza. Mtoto atatoka wapi kwa hali hii? Muulize Daktari kwa njia zako.

Gharib


Kambini, Kibondo
18 Oktoba 1998

Kwa kijana Gharib mwenye nywele,

Salaam nyingi kwako, kwa shangazi na kwa shemeji. Huku wazima isipokuwa kipindupindu kimechukua watu mtaa wa juu wa kambi, watoto zaidi.

Gervasi hayupo tena kazini. Daktari alipotewa na kitu chake, akasema aliyeingia chumbani ni Gervasi. Ndiyo hali ya huku. Sasa nachota maji mwenyewe na mgongo unaniuma.

Swali lako nimelisoma. Daktari ana kazi nyingi siku hizi, hapatikani kwa maswali. Nakushauri karanga mbichi, mihogo mibichi, na nazi. Halafu uache kujitazama kwenye kioo, labda nguvu zote zinaishia huko. Mbona Daktari anameza na mkewe ana mimba sasa hivi? Usijitie hofu. Punguza kama unaogopa.

Nguo aliyonishonea Hasna imefika, inanitosha vizuri.

Haruna


Kasingirima, Ujiji
25 Januari 1999

Haruna ndugu yangu,

Assalaam alaykum, na Idi njema ingawa imepita. Tulikula pilau kwa Mwinshehe, tukakutaja. Mama miguu imetulia.

Nina habari, kaa chini. Hasna ni mjamzito. Hajaona siku zake tangu kabla ya mfungo, na mkunga amemshika tumbo akasema safari hii limekaa vizuri. Mama ameacha maneno yake yote, sasa anamchagulia samaki. Hasna mwenyewe anatembea polepole kama aliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Nikimwambia apumzike ananiambia nisimwombee mabaya. Haruna, nimefurahi mpaka naogopa.

Na nikwambie nilivyofanya, maana wewe na mihogo yako hukunisaidia kitu. Niliacha kumeza. Nilikaa nikafikiri: dawa ya jicho hutiwa jichoni, dawa ya kidonda hupakwa kidondani, basi dawa ya nywele inatafuta nini tumboni? Kule tumboni ndiko ilikopitia ikaniharibia mengine. Dawa ya nywele hupakwa kichwani, hata mtoto anajua. Basi Hasna anazichukua zile tembe, anazitwanga kwenye kinu kidogo cha iliki mpaka ziwe unga, anachanganya na mafuta ya mise, yaani mawese, halafu ananipaka kwa vidole, kila siku baada ya alasiri. Ule ubaridi ukaondoka, ndipo mimba ikashika. Na nywele hazikurudi nyuma hata kidogo.

Tena pale ndipo tunapozungumza. Nakaa chini kwenye mkeka, yeye kitini, kichwa changu magotini pake. Anapaka huku anataja majina ya watoto. Akiwa wa kiume anataka aitwe Saad, jina la baba yangu. Akishamaliza kunipaka, mafuta yanayobaki mikononi anajipaka miguuni, anasema si vizuri kuyatupa.

Kichupa kinaelekea kwisha. Kama kuna kingine, mpe Feliksi.

Gharib


Kambini, Kibondo
21 Februari 1999

Kwa baba mtarajiwa,

Salaam nyingi, na hongera nyingi zaidi. Shangazi mwambie mjukuu akizaliwa namletea blanketi la wazungu. Shemeji Hasna mwambie ale.

Barabara ya kwenda Kasulu imekatika kwa mvua, Feliksi amekwama hapa na hajui ataondoka lini. Gervasi nasikia amerudi Burundi na mkewe, ingawa watu walimkataza. Hakuna aliyepata habari zake tena.

Kichupa kingine hakuna. Na hicho kilichobaki, hebu mwache shemeji. Mikono ile ni ya kushona na kupika, wewe unaifanya ya kukanda kipara cha mzee. Twanga mwenyewe, jipake mwenyewe, kunawa unawe mwenyewe. Asikiguse hicho kinu wala hayo mafuta. Mjamzito akigusa dawa ya kipara mtoto huzaliwa na ndevu kama Mwinshehe. Usiseme sikukwambia. Au tupa kabisa, ukae na kichwa chako kama baba yako alivyokaa na chake.

Nakwambia kweli, Gharib, mwache.

Haruna


Kasingirima, Ujiji
11 Aprili 1999

Haruna,

Assalaam alaykum. Barua yako ya Februari imefika juzi, imelowa na kukauka, Feliksi anasema alilala nayo njiani majuma. Sisi wazima. Tumbo la Hasna sasa linaonekana hata akivaa kanga mbili.

Nilimsomea Hasna ile ya ndevu. Alicheka mpaka nikahofia mimba. Akasema, "Mwambie shemeji safari hii hatusimami kwa mguu mmoja." Mama naye akasema wivu wa binamu hauna dawa, umeona nina nywele na mke anayenipaka, na wewe uko porini huna wa kukukuna mgongo. Kwa hiyo tumeendelea mpaka kichupa kimekwisha, majuzi tu. Cha mwisho alikikomba kwa kidole.

Sasa mtoto anacheza tumboni. Hasna huuchukua mkono wangu na kuuweka pale, tunamsikiliza wote wawili. Tuombee. Amebakiza miezi michache, na anayetaka kumkinga mtoto wake hajui amkinge na nini.

Gharib


Kasingirima, Ujiji
22 Agosti 1999

Haruna,

Salaam. Tangu Aprili sijapata hata mstari kwako. Feliksi amepita hapa mara kadhaa, nikimwuliza anasema hukumpa kitu.

Hasna amejifungua salama mwishoni mwa Julai, mtoto wa kiume. Siku ya saba tulichinja mbuzi wa akika, tukamnyoa nywele zake, nyingi, nyeusi, tukamwita Saad. Watu walijaa uani. Mama alikuwa amemwita na Mwinshehe ili mambo yote yafanyike siku moja. Mzee akafungua nguo, akatazama. Akasogeza mtoto kwenye mwanga akatazama tena, kwa vidole, maana macho hayaoni vizuri. Akamfunika. Akaniambia chini kwa chini, "Mwanangu, huyu mimi simkati. Huyu mpelekeni hospitali." Akafunga kijaluba chake akaondoka bila kula.

Njia ya mkojo haikufunguka mahali pake, iko chini. Na maumbile mengine hayakukamilika kama ya mtoto wa kiume. Tulikwenda kwa daktari wa mjini, mtu wa Kalinzi, mpole. Alisema atahitaji kupasuliwa atakapokuwa mkubwa kidogo, huko kwenye hospitali kubwa, pengine zaidi ya mara moja, na kwamba asitahiriwe kabisa, kwa sababu ile ngozi ndiyo itakayotumika kumtengeneza. Alisema wako watoto wanaozaliwa hivi na hakuna ajuaye kwa nini. Kisha akamwuliza Hasna kama alimeza dawa yoyote alipokuwa mjamzito. Hasna akasema hakumeza hata ya kichwa. Ni kweli, Haruna. Hakumeza.

Habari imetoka nje, unaijua Ujiji. Mama anasema ukoo wa Hasna una jambo, ndiyo maana zile mimba mbili za kwanza zilikimbia. Anataka aletwe ngariba mwingine, mtoto akatwe, aibu ifunikwe. Hasna amekataa kumtoa mtoto. Analala amemfunga kifuani kwa kanga. Mama anasema mwanamke anayemficha mtoto anaficha na mengine, na wazee watakaa mwisho wa Septemba kuamua kama huyu ni mke wa kukaa naye.

Nimetoa barua zako zote nikazisoma upya. Ile ya ndevu nimeisoma mara nyingi. Mwisho umeandika, nakwambia kweli. Ulikuwa unajua nini? Nijibu, au njoo mwenyewe uje useme mbele ya wazee.

Gharib


Kambini, Kibondo
26 Septemba 1999

Ndugu yangu Gharib,

Salaam kwako na kwa wote. Mtoto nampa pole, na shemeji, na wewe. Nilianza kukuandikia Mei, nikaanza tena Juni. Barua zile nilizichoma jikoni.

Nilijua hivi. Mke wa Daktari aliposhika mimba, Daktari aliniita jikoni. Alinionyesha kile kisahani anachokatia vidonge. Alisema kuanzia siku ile mkewe asikiguse, wala mimi nisikioshe pamoja na vyombo vya mkewe. Kidonge kizima hakina neno, alisema, kimefunikwa, lakini kikivunjwa ule unga unapita kwenye ngozi, na mjamzito akiugusa, mtoto wa kiume anaweza kuharibika mahali pa uanaume wake. Alisema anaweza, hakusema lazima. Akawa anaosha kisahani mwenyewe. Niliona kama uchuro wa kizungu. Wewe ulikuwa unameza, Hasna hakuwa na mimba, sikuona kwa nini nikuandikie.

Barua yako ya kinu ilipofika nilikikumbuka kile kisahani. Ningeweza kuandika kama nilivyoandika leo. Lakini ungeuliza mbona hukusema mapema, na ungetaka nimwulize Daktari, na Daktari siwezi kumwuliza. Kile kichupa hakunipa. Nilikichukua chumbani kwake. Gervasi alifukuzwa kwa ajili ya kichupa hicho, alisimama barazani na mkewe akaapa, na mimi nilikuwa nakunja mashuka. Alipokosa kazi ile alikosa kila kitu, ndiyo maana akarudi kule. Basi nikaona nikufanyie utani, utanielewa.

Kuja siwezi. Nikija nitaulizwa nilikipata wapi, na shangazi ndiye mama niliyebaki naye. Yule daktari wenu mwenyewe amesema wako wanaozaliwa hivi bila sababu, na huenda Saad ni mmoja wao, hakuna anayeweza kuapa. Hasna msimamie, lakini nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya nyumba moja, jina langu usilitaje. Waambie dawa ulinunua kwa Wakongo sokoni.

Haruna


Kasingirima, Ujiji
7 Novemba 1999

Haruna,

Barua yako imefika wazee wameshakaa na kuondoka.

Walikaa barazani kwetu Jumapili ya mwisho ya Septemba. Mama alisema yake. Baba yake Hasna, aliyekuja kutoka Mwandiga, alisema kwao hakuna mtoto aliyezaliwa hivyo tangu kwa babu zake. Kisha Mwinshehe, peke yake katika wote, akanigeukia akauliza kama ndani ya nyumba yangu kulikuwa na dawa yoyote wakati wa mimba, hata ya kienyeji. Hasna alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa nimeanza kushuku, Haruna, ndiyo maana nilikuandikia. Nilitakiwa nifungue mdomo niseme ipo, ya nywele zangu, na yeye ndiye aliyeitwanga. Nikawatazama wazee wale, wenye vipara wote, wamekaa navyo kwa amani. Nikaona nitakavyochekwa sokoni. Nikasema hakuna. Hasna alikuwa anasikia, na hakunisuta, maana hakujua kwamba kile kinu kina uhusiano na mtoto. Alidhani dawa inayoulizwa ni ya kumeza, na kwamba nimesema kweli.

Wakaniuliza kama namtaka. Mama akawa analia. Nikatoa talaka moja. Alipanda gari la Mwandiga na baba yake, mtoto kifuani, kinu chake cha iliki katika kapu pamoja na vyombo vyake vingine.

Wewe uliniomba nisikutaje. Ijumaa baada ya swala nitamwita mama na Mwinshehe na wale wazee, nitawaeleza yote, nywele zangu kwanza na wewe baadaye, na Gervasi pia. Mama atanisikia akiwa amekaa. Kama unataka ayasikie kwako kabla yangu, Feliksi anageuza leo. Kwa Daktari utasema mwenyewe, au hutasema.

Jana nilikwenda Mwandiga. Nilitaka kumrejea, edda haijaisha. Nilimkuta uani anamwogesha Saad kwenye karai. Anamwosha vizuri, kila mahali, bila kujificha. Amenenepa mtoto, anacheka na maji. Nikakaa kwenye kigogo nikamsomea barua yako yote, na mimi nikaongeza ya kwangu, nilivyoulizwa na nilivyojibu. Nilimwambia niliona haya kwa ajili ya kichwa. Nilipofika kwenye kisahani aliitoa mikono yake majini akaitazama, mbele na nyuma, kisha akairudisha akaendelea kumwogesha.

Nikamwambia twende nyumbani. Nikamwambia nitanyoa leo leo, kichwa chote, kwa wembe.

Alimfunga mtoto taulo, akamlaza begani. Akaja akasimama mbele yangu pale nilipokaa. Akapitisha vidole kichwani kwangu, taratibu, kama alivyokuwa akinipaka.

"Zimeota vizuri," akasema. "Usinyoe."

Halafu akaingia ndani na mtoto, akafunga mlango.

Gharib